Vayoli na Kinanda Sebuleni: Namna ya Kuandaa

Muziki wa vayoli na kinanda cha mabomba wa watunzi John Jenkins na William Lawes haukutungwa kwa ajili ya jukwaa. Katika Uingereza ya karne ya 17, marafiki walikutana nyumbani, kila mmoja akashika sauti yake, wakapiga kwa raha yao wenyewe. Basi ukiandaa onyesho la namna hii, usiwapange wapigaji mstari mmoja wakiwakodolea macho wageni. Wakae duara, watazamane, na viti vya wasikilizaji viwazunguke.

Seti kamili ni vayoli sita, ala za nyuzi zinazopigwa kwa upinde: mbili ndogo, mbili za kati, mbili kubwa. Zote, hata zile ndogo, husimamishwa mapajani au kubanwa kati ya miguu, kwa hiyo tafuta viti visivyo na mikono. Sofa hazifai hata kidogo.

Kinachosumbua zaidi ni kuoanisha sauti. Mabomba ya kinanda hayarekebishiki jioni ile ile. Vayoli ndizo zitakazokifuata. Muulize mapema mwenye kinanda kimepangwa sauti gani, maana wapigaji wengi wa muziki huu hutumia noti A ya hezi 415, chini ya ile ya 440 ya kawaida. Halafu kuna joto. Chumba kikipata joto mabomba hupanda sauti, na nyuzi za utumbo wa kondoo nazo hulegea au kukaza kufuata hali ya hewa. Vayoli sita zina nyuzi 36! Washa taa na hita mapema, wageni wakishakaa nyuzi zikaguliwe upya, wala asiombwe mtu radhi kwa dakika hizo.

Thomas Mace, aliyechapisha kitabu chake cha muziki mwaka 1676, alitaka kinanda kiende taratibu na kwa upole pamoja na wenzake. Mwambie mpigaji atumie safu moja tu ya mabomba, ile tulivu ya mbao. Kama kinanda kina feni ya umeme, isikilize chumba kikiwa kimya. Inaweza kunguruma kuliko vayoli ndogo.

Saa moja inatosha. Mimi ningeanza na Jenkins, anayekaribisha, ndipo aje Lawes, ambaye sauti zake hugongana kwa ukali usioutarajia. Katikati pumzikeni, kisha wageni wabadilishane viti: aliyekuwa nyuma ya vayoli kubwa ahamie upande wa zile ndogo, asikie sauti ambazo mwanzoni zilimpita.