Kuung'oa Mvuti Shambani

Ule mvuti wenye miiba, ambao wengine huuita lantana, si mti wa nchi hii. Asili yake ni Amerika ya joto, nao ulienezwa kwa ajili ya maua na kuzungushia nyua. Uzuri wake umewadanganya wengi. Ndege hula matunda yake meusi na kuzitupa mbegu kila mahali.

Basi tusiukate kwa panga tu, wala tusitumainie moto. Kisiki huchipuka tena. Yafaa tuuchimbe kwa jembe pamoja na shina la mizizi, udongo ungali umelowa mvua, kabla haujazaa. Ng'ombe wasiachwe kula majani yake: huharibu ini, hata ngozi huchubuka juani. Mwaka wa pili turudi tukaing'oe miche.