Kutoka Ubao Mrefu Hadi Mfupi, kwa Lami ya Eastlands

Ubao mrefu wa skeitibodi, ule wa inchi 38 au 40 wenye magurudumu makubwa, humfunza mtu vizuri kusimama, kusukuma na kupinda. Kisha mtaa huanza kumbana. Ubao huo haugeuki ndani ya zile nyua za Buruburu, Nairobi, ambako nyumba zimezunguka uwanja mdogo wenye lango moja. Haupandi ukingo wa barabara mpaka uinuliwe kwa mkono. Na makanga wa matatu ya Umoja, saa kumi na mbili jioni, atakudai nauli ya kiti cha pili kwa ajili ya ubao. Hapo ndipo mwenye ubao huanza kuulizia mfupi.

Shida ni kwamba wengi hununua mfupi wowote unaojitokeza, wakatoka nao barabarani jioni hiyohiyo, na kabla mwezi haujaisha umelala chini ya kitanda. Wanasema ubao mfupi ni mgumu, unatetemeka, unamtupa mtu. Mimi nasema lawama nyingi ni za magurudumu. Ubao mfupi wa kawaida huja na magurudumu madogo yenye kimo cha milimita 52 hivi, na magumu kama mfupa. Yalitengenezewa saruji laini ya viwanja vya kuteleza. Yaweke kwenye lami ya Kayole uone.

Kwa hiyo, kabla hujatazama ubao wowote, tembea kwa miguu njia utakayoiendesha kila siku. Itazame kwa macho ya gurudumu. Je, ni lami ya zamani ambayo kokoto zake zimechomoza? Ni kabro za mbele ya maduka, zenye ufa kila baada ya sentimita kumi au ishirini? Kuna mchanga ulioachwa na mvua pembeni mwa barabara, au mfuniko wa mtaro ulioibwa na kuacha shimo wazi? Njia nyingi za Eastlands zina haya yote ndani ya mita mia mbili. Kokoto ndogo inayopitwa bila kusikika na gurudumu la milimita 70 la ubao mrefu hulisimamisha kabisa gurudumu dogo gumu, na ubao ukisimama ghafla wewe huendelea mbele.

Ubavuni mwa gurudumu huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni kimo kwa milimita, ya pili ni ugumu, nayo huishia na herufi A. Kadiri namba ya ugumu inavyopanda ndivyo gurudumu linavyokuwa gumu: 78A linabonyea kidogo kwa ukucha, 99A halibonyei. Magurudumu ya ubao mrefu mara nyingi ni 78A hadi 80A. Kwa ubao wako mfupi wa kwanza mtaani, tafuta milimita 58 hadi 60 na ugumu wa 78A hadi 85A. Utapoteza mlio mkavu ule unaopendwa na warukaji, na gurudumu laini halitaserereka kiubavu kirahisi. Hiyo ni bei ndogo. Utaweza kusukuma kutoka Mutindwa hadi nyumbani bila meno kugongana, na anayefika nyumbani salama ndiye anayetoka tena kesho. Magurudumu magumu ya milimita 52 hadi 54 yanunue baadaye, uyaweke akiba kwa siku za uwanja wa mpira wa kikapu wenye sakafu nzuri, au za kwenda kwenye uwanja wa kuteleza wa Kangemi.

Sasa ubao wenyewe. Macho hukimbilia urefu kwa sababu ndio unaoonekana, lakini unaoamua kama utasimama imara ni upana. Ubao mrefu mara nyingi una upana wa inchi 9 hadi 10, na miguu yako imezoea nafasi hiyo. Ukiruka moja kwa moja hadi inchi 7.75, vidole vitaning'inia upande mmoja na kisigino upande wa pili, na kila jiwe litaonekana kubwa. Kwa kiatu cha namba 41 hadi 43, chukua inchi 8.25. Kuanzia 44, chukua 8.5. Mwenye mguu mdogo zaidi anaweza kuanza na 8. Urefu utajipanga wenyewe hapo, kwani mbao nyingi za upana huo zina inchi 31.5 hadi 32.5.

Kipimo kinachosahaulika ni umbali kati ya traki ya mbele na ya nyuma, traki zikiwa vile vyuma viwili vinavyobeba magurudumu. Pima kuanzia matundu ya ndani ya mbele hadi matundu ya ndani ya nyuma. Kwa ubao mrefu huwa inchi 24 au zaidi. Kwa mfupi ni 14 na ushee. Ndiyo maana ubao mfupi hugeuka upesi hata usipokusudia. Tofauti ya robo inchi husikika miguuni, hivyo ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya 14 na 14.5, chukua 14.5. Utakuja kupunguza ukishajua kuruka.

Usijaribu kuhamisha traki za ubao mrefu. Ni pana mno, magurudumu yatatokeza nje na mguu unaosukuma utayapiga teke. Kadiria hivi: ncha za ekseli zilingane na kingo za ubao, na zisipishane kwa zaidi ya robo inchi kwa jumla. Unachoweza kuhamisha bila wasiwasi ni beringi. Karibu mbao zote, ndefu na fupi, hutumia beringi ya namba 608: kipenyo cha nje milimita 22, tundu milimita 8, unene milimita 7. Beringi hiyohiyo hukaa ndani ya mota ndogo na drili za umeme, kwa hiyo ikifa huhitaji duka la michezo. Ulizia kwa wauza beringi wa Kirinyaga Road kwa namba hiyo tu. Watoto wa mitaa yetu wanaojiundia vigari vya mbao na beringi wanalijua soko hilo kabla hata hawajauona ubao wa dukani.

Wengi wetu tutanunua mtumba, sokoni Gikomba au kwa mtu anayehama, na hapo jicho lahitaji subira. Ugeuze ubao kwanza utazame ubavu wake. Ubao mzuri hushikanishwa kwa tabaka saba za mbao nyembamba za mepoli, na tabaka hizo huonekana kama mistari. Zihesabu. Pitisha ukucha kwenye mistari hiyo pale mkiani na puani: ukucha ukizama, tabaka zimeanza kuachana. Kisha ushike ubao kwa pua, uache mkia ugonge saruji. Ubao mzima hutoa mlio mkali, mfupi. Ulioloa maji na kukauka mara nyingi hutoa sauti ya kifuu kilichopasuka, na huo hautakurusha hata ukiukanyaga namna gani. Tazama pande zote za bolti nane. Nyufa ndogo zinazotoka kwenye matundu kama miguu ya buibui zinamaanisha kwamba ubao umeshatuliwa vibaya mara nyingi. Mkia ukiwa umekwaruzwa hadi ukawa mwembamba wenye makali, bado unaweza kuusafiria ubao, lakini usilipe bei ya mkia mzima.

Halafu zungusha kila gurudumu peke yake, na usukume ekseli kwa kidole gumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ekseli ikiteleza ndani ya traki, iache. Traki za plastiki, ambazo hujaa kwenye mbao za watoto zinazouzwa supamaketi, nazo ziache hata kama picha ya juu inapendeza. Hazipindi, na uzito wa mtu mzima huzivunja.

Ukishafika nyumbani kuna kazi moja ambayo haiepukiki ukitumia magurudumu ya milimita 60. Kwa kimo chake huweza kugusa ubao unapoegemea kupinda, na gurudumu likiugusa hukwama papo hapo. Dawa ni kipande cha mpira kati ya traki na ubao. Fundi wa viatu wa mtaani atakukatia viwili kutoka kwa mpira wa soli wenye unene wa milimita 3, akupigie matundu manne kila kimoja. Mpe traki apimie. Kwa unene huo bolti za inchi moja zitakuwa fupi, tumia za inchi moja na robo. Kisha paka magurudumu chaki, simama ubaoni ukiwa umeshika ukuta, uegemee kwa nguvu kulia na kushoto, halafu ugeuze ubao. Ukiona alama ya chaki kwenye mbao, kaza nati kubwa ya katikati ya traki nusu mzunguko na urudie. Ikiwa bado yagusa, ongeza mpira mpaka milimita 6, na bolti nazo zirefuke.

Hiyo nati kubwa ndiyo inayobana bushi, yaani ule mpira wa ndani ya traki, na ndiyo itakayokuondolea mtetemo wa mwendo kasi. Anza ukiwa umeikaza zaidi ya ulivyopenda kwenye ubao mrefu, uwe ukiilegeza kidogo kidogo kadiri vifundo vya miguu vinavyozoea. Usiikaze mpaka mpira wa bushi ufurike nje kama unga kwenye kinu, maana traki iliyobanwa hivyo haigeuki na itakufunza kugeuka kwa mabega.

Siku za kwanza usiende popote. Kwenye ubao mrefu ulizoea kutembeza miguu upendavyo. Huu mfupi unataka mguu wa mbele juu ya bolti za mbele, au nyuma yake kidogo, na wa nyuma mkiani au juu ya bolti za nyuma. Ukikanyaga mkia bila kujua, pua itainuka na ubao utatoka mbele bila wewe. Simama kwenye nyasi au mkeka, ubonyeze mkia na kuurudisha mpaka mguu ujue mahali unapoanzia. Ukitoka, piga misukumo mifupi, magoti yakiwa yamekunjwa, uwanjani au ndani ya lango, si Jogoo Road. Kofia ngumu kichwani, kwa sababu ubao mfupi humwangusha mtu kinyumenyume, jambo ambalo ule mrefu haukukuzoesha.

Masika ya Machi hadi Mei ndiyo adui mkuu wa mbao hizi. Maji hupenya ncha za tabaka na kuzivimbisha, na tope huingia kwenye beringi. Ukinyeshewa, toa magurudumu kwa spana ya 13, pangusa, ziloweke beringi kwenye tina ya rangi, zikaushe kabisa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kila moja. Mafuta ya kupikia hukusanya vumbi na kugeuka gundi.

Miguu ikishatulia, panga Jumamosi ya kwenda Kangemi, kwenye uwanja wa kuteleza wa Shangilia uliojengwa mwaka 2013 ndani ya kituo cha watoto cha jina hilohilo, kwa usaidizi wa shirika la skate-aid la Ujerumani. Kutoka Eastlands ni matatu mbili, ukivuka jiji lote. Ubao sasa unakaa mapajani. Beba mkobani yale magurudumu madogo magumu yakiwa na beringi zake tayari, pamoja na spana ya 13. Kubadilisha yote manne huchukua dakika kumi ukikaa ukingoni mwa uwanja, na kwenye saruji ile laini utasikia kwa mara ya kwanza yalitengenezewa nini. Kabla ya kupanda matatu ya kurudi, rudisha yale laini.