Taa za Nyuma Zikikonyeza Pamoja

Tulikuwa Zuzu, karibu na Dodoma, kwa safari ya chama, giza likaingia. Tulipokanyaga breki, taa za nyuma zilififia badala ya kung'aa. Tukiwasha indiketa, zote zikikonyeza pamoja. Dereva alikwisha badili glopu mbili bure, na malori yalikuwa nyuma yetu vumbini.

Fyuzi ikikatika, taa huzima kabisa. Zikichanganyikana hivi, tazameni kwanza ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Umeme ukikosa njia hiyo, hurudi kwa kupitia glopu ya jirani.

Tuliunga kipande cha waya kutoka kitako cha taa hadi chuma safi, taa zikang'aa. Skrubu ya ethi ilikuwa imeliwa na kutu, chumvi ya kwetu pwani hiyo! Tukaisugua kwa msasa, tukaikaza, tukapaka grisi.