Kufungwa kwa Kituo cha Umeme cha Chernobyl

Weka sufuria ya maji jikoni, uifunike. Maji yakichemka, mvuke huinua mfuniko. Nguvu hiyo ya mvuke huzungusha mitambo katika vituo vingi vya umeme. Vituo vingine huchemsha maji kwa makaa ya mawe. Vingine hutumia madini ya urani, ambayo hutoa joto kubwa ndani ya kinu cha nyuklia. Pamoja na joto hutoka mionzi. Mionzi haionekani wala hainuki, lakini ikizidi mwilini huleta maradhi, hata kifo.

Kituo cha Chernobyl kilijengwa Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Kinu cha kwanza kilianza kazi mwaka 1977, na cha nne mwaka 1983. Wafanyakazi walijengewa mji wa Pripyat karibu na kituo.

Vinu vile vilikuwa na kasoro. Wataalamu wachache walizijua, lakini wafanyakazi hawakuelezwa. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 walikuwa wakifanya jaribio katika kinu cha nne. Nguvu ya kinu ilipanda ghafula, kikalipuka. Wafanyakazi wawili walikufa siku ile. Katika miezi iliyofuata wazima moto na wafanyakazi 28 walikufa kwa mionzi.

Watu wa Pripyat hawakuambiwa hatari hiyo. Watoto walikwenda shule kama kawaida. Kesho yake alasiri, watu wapatao 49,000 waliondolewa kwa mabasi. Waliambiwa wachukue vitu vya siku tatu tu. Hawakurudi kukaa tena.

Je, kituo kilifungwa mwaka huo? La. Umeme ulihitajiwa, kwa hiyo vinu vitatu vilivyobaki viliwashwa tena. Cha pili kilifungwa baada ya moto mwaka 1991, cha kwanza mwaka 1996, na cha tatu tarehe 15 Desemba 2000.

Kufunga kinu si kama kuzima taa. Urani iliyokwisha kutumika huendelea kutoa joto na mionzi, hivyo lazima ilindwe. Kinu kilicholipuka kilifunikwa kwa zege na chuma. Mwaka 2016 kilifunikwa tena kwa jengo kubwa la chuma. Mwaka 2025, wakati wa vita, jengo hilo lilitobolewa na ndege isiyo na rubani. Kituo hakitoi umeme, lakini wafanyakazi bado huingia zamu kukilinda.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtu atazibaje ufa aliofichwa?

MANENO MAPYA
Kasoro: upungufu, kosa katika kitu.
Jaribio: kazi ya kupima kama kitu kinafaa.
Zamu: kufanya kazi kwa kupokezana.

MASWALI
1. Mvuke hufanya kazi gani katika kituo cha umeme?
2. Kwa nini vinu vitatu viliwashwa tena?
3. Jadilianeni: Mtambo ukiletwa kijijini kwenu, mngeuliza mambo gani kabla haujawashwa?