Vespa ya Zamani: Namna ya Kuichagua, Kuiendesha na Kuitunza

Tarehe 23 Aprili 1946, kampuni ya Piaggio ya Italia iliwasilisha mjini Florence ombi la hataza ya skuta ya aina mpya, Vespa. Vita vilikuwa vimeibomoa karakana yake ya ndege huko Pontedera, na sasa ilitaka kuwapa watu usafiri wa bei nafuu. Mhandisi aliyekabidhiwa kazi, Corradino D'Ascanio, alikuwa bingwa wa helikopta na hakuzipenda pikipiki: aliziona chafu, tena zenye usumbufu mkubwa tairi linapopasuka. Basi akaondoa mnyororo, akaifunika injini kwa bati pembeni ya gurudumu la nyuma, na gurudumu la mbele akalishikiza kwa mkono mmoja wa chuma, kama magurudumu ya ndege yanavyoshikizwa.

Ubunifu huo ndio uliozifanya Vespa za miaka mingi ziendelee kutembea mpaka leo, kuanzia Roma hadi Unguja. Fundi mwenye spana chache na uzoefu anaweza kuifungua injini ya Vespa na kuirudisha. Lakini kazi ambazo kwenye vyombo vipya hufanywa na vifaa vya umeme, hapa hufanywa na macho, masikio na mikono ya mwenyewe. Anayetaka kuifurahia sharti kwanza aijue.

Kabla ya kutoa pesa

Vespa haina fremu ya mabomba. Bati la mwili ndilo fremu yenyewe, kwa hiyo kutu si suala la sura tu, ni suala la usalama. Inama utazame chini ya sakafu, pale unapoweka miguu, na kuzunguka pedali ya breki. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, uipitishe kwenye bati. Isiponata, ujue chini ya rangi kuna puti nene, na chini ya puti huenda pana tundu. Rangi mpya inayong'aa ichunguze maradufu.

Kisha linganisha nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ile iliyo kwenye kadi ya usajili. Ukiona imesagwa au imechomelewa upya, achana na chombo hicho hata kiwe rahisi vipi.

Kwa anayeanza, modeli ya PX, iliyoanza kutoka mwaka 1977, ni chaguo jema: ina gia nne, na spea zake bado zinapatikana. Kampuni ya Bajaj ya India nayo iliunda Vespa kwa leseni katika miaka ya 1960, ikafuatisha Chetak yake mwaka 1972. Baadhi ya vipuri vya skuta hizo za India huingiliana na vya Italia, lakini peleka kipuri cha zamani dukani ukapimishe kabla ya kununua.

Petroli na oili

Injini hizi hazina oili ya peke yake ya kulainisha pistoni. Oili huchanganywa na petroli, nayo huungua pamoja nayo. Kwa PX na nyingi zilizotoka kuanzia miaka ya 1960, kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Za miaka ya 1950 zilihitaji zaidi, nyingi asilimia 5. Tumia oili maalumu ya kuchanganya na petroli, na upime kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa jicho. Baadhi ya PX zina tangi dogo la oili linalojichanganyia lenyewe. Hizo hujazwa petroli tupu, ila usiache tangi hilo likauke.

Oili ikipungua, pistoni huweza kukwama ndani ya silinda na gurudumu la nyuma likasimama ghafla. Ukisikia injini inapoteza nguvu na kutoa mlio mwembamba, vuta klachi papo hapo, kisha sogea pembeni uiache ipoe. Vilevile, kwenye mteremko mrefu usiteremke na gia huku umefunga mafuta kabisa, kwa sababu petroli isipoingia, oili nayo haiingii. Fungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi.

Kuwasha na kuendesha

Fungua bomba la petroli chini ya kiti, vuta choki kama injini ni baridi, hakikisha gia iko huru, halafu piga kiki kwa mguu mzima. Injini ikishika, rudisha choki.

Gia na klachi ziko pamoja mkono wa kushoto. Unavuta klachi, unazungusha mshiko: namba 1 iko juu, huru inafuata, kisha 2, 3 na 4 kwa kushuka. Breki ya mbele iko mkono wa kulia na ya nyuma mguu wa kulia. Jifunze kwenye uwanja mtupu mpaka mkono ubadilishe gia bila macho kutazama chini.

Breki za ngoma hazishiki kama za kisasa, hivyo acha nafasi kubwa mbele yako. Magurudumu ya inchi 10 huzama kwenye mashimo na kuyumba kwenye mchanga, na uzito wa injini umeegemea kulia. Punguza mwendo kabla ya kona, si katikati yake. Kofia ngumu na viatu vya kufunika mguu ni vya lazima, hata safari ikiwa ya dukani.

Tairi

Kwa PX, upepo wa mbele ni takriban psi 18, na nyuma 25. Ukibeba abiria, nyuma ifike 36. Ringi yake ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja, na ina nati za aina mbili: zinazoshika gurudumu kwenye ngoma, na zinazobana vipande vyenyewe. Usizilegeze hizi za pili kabla ya kutoa upepo wote. Vipande vinaweza kufumuka kwa nguvu vikakujeruhi vibaya.

Matunzo

Kagua plagi mara kwa mara. Ncha yenye rangi ya kahawa ya maziwa ni dalili njema. Nyeupe inaonya kwamba injini inaungua moto kupita kiasi, na nyeusi yenye masizi inaonyesha petroli au oili imezidi. Gia zina oili yao ya pembeni, mililita 250 za SAE 30. Ibadilishe fundi anapokushauri. Ukiegesha, funga bomba la petroli ili injini isijae mafuta.

Kwa wakazi wa pwani, chumvi ndiyo adui mkubwa. Osha kwa maji baridi, kausha chini ya sakafu, na kila mkwaruzo uliofika kwenye bati upake rangi mapema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tafuta fundi anayezijua injini hizi, ukae naye anapofanya kazi na umuulize sababu ya kila anachofungua. Ujuzi huo hauko kwa wengi, na kadiri mafundi wa zamani wanavyostaafu unazidi kupungua. Endesha Vespa yako walau kila wiki, maana mipira hukauka na kabureta huziba chombo kikikaa bure. Andika daftarini kila spea na kila oili uliyobadilisha, ili atakayeirithi aanze pale ulipoishia.