SOMO LA KIKUNDI: PENGO KATI YA JUU NA CHINI

Katika somo hili tutaangalia jambo tunaloliona kila siku, lakini halisemwi sana mikutanoni: mbona watu wa kaunti moja hawaishi maisha sawa?

Tuanze na mfano. Tuseme kijiji kina nyumba 10. Nyumba moja ina ng'ombe 20, na zile 9 hazina hata ndama. Mtu wa ofisi akihesabu ataandika: kila nyumba ina ng'ombe 2. Hesabu yake ni sawa kabisa, lakini nyumba 9 bado zitakunywa chai bila maziwa. Hiyo ndiyo shida ya wastani. Unaficha.

Sasa tuje kwetu. Ukishuka kutoka Runyenjes hadi Siakago, au kutoka Chuka hadi Tharaka, utaona mambo yakibadilika. Kule juu mlimani kuna mvua, chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Chini kuna ukame, na watu wanategemea ndengu, mtama, mawele, mbuzi na nyuki. Wengine husema ati watu wa chini ni wavivu. Hebu tuangalie sababu za kweli.

1. Ardhi na mvua. Hili hakuna mtu alilolichagua.

2. Sera za serikali. Katika miaka ya 1930 wakoloni walianza kuwaruhusu Waafrika wachache wa Meru na Embu wapande kahawa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukaongeza nafasi hiyo. Kahawa inapenda mlima, kwa hivyo viwanda na barabara vikafuata mlima. Halafu mwaka 1965 serikali huru, katika Waraka namba 10, iliamua pesa za maendeleo ziende kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Basi aliyekuwa nacho akaongezewa.

3. Faida kwenda mbali. Bwawa la Kindaruma kwenye Mto Tana lilianza kutoa umeme mwaka 1968. Baadaye yakaja Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mto huo unapakana na Mbeere, lakini kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya nyumba zinazowasha koroboi.

Je, sheria inasema nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Mwanzoni zilichaguliwa kaunti 14 nzima. Sera ya pili, ya mwaka 2018, ikaangalia maeneo madogo zaidi, 1,424 katika kaunti 34. Walitambua kwamba hata kaunti inayoonekana iko sawa ina watu waliosahaulika ndani yake.

Vikundi vifanye nini? Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Tusiende kusema tu "tunataka maendeleo". Twende na hesabu yetu: kilomita ngapi hadi maji, ngapi hadi zahanati, nyumba ngapi hazina choo.

Lakini pengo liko hata mlangoni petu. Mama mjane anayefanya vibarua hawezi kutoa mchango sawa na mwenye duka. Akishindwa wiki mbili anaona haya, anaacha kuja. Kikundi kinasema kinasaidia maskini, na maskini mwenyewe yuko nje. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Vikundi vinaweza kuweka viwango viwili vya mchango, au kukubali kuku, ndengu au siku ya kazi badala ya pesa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni nyumba gani kijijini hazina mtu katika kikundi chetu? Kwa nini?
2. Je, mchango wetu unamfungia nani nje?
3. Ni nani watakaopeleka hesabu ya kijiji kwenye kikao cha bajeti, na lini?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na myasome tena mkikutana mwezi ujao.