Kabla ya Kununua Sili

Kwenye majaruba ya mpunga ya Lower Moshi, trekta ndogo ya Kijapani inayovuta kwa magurudumu yote manne ni mali kubwa. Ni nyepesi, haizami ovyo, na inageuka ndani ya jaruba dogo ambamo trekta kubwa ingevunja tuta. Lakini inafanya kazi mahali pabaya kuliko pote kwa sili: ekseli imezama topeni, maji yako nje, oili iko ndani, na kinachovitenganisha ni ukingo mwembamba wa mpira. Mazungumzo haya ni ya fundi mzee na binti anayemiliki na kuendesha trekta ya namna hiyo.

BINTI: Shikamoo, fundi.

FUNDI: Marahaba, binti yangu. Majaruba yanasemaje?

BINTI: Kazi ipo, ila trekta inanitia wasiwasi. Gurudumu la mbele kushoto limelowa oili upande wa ndani mpaka kwenye ringi. Sili nimeshanunua, hii hapa. Naomba unifungie leo, maana kesho nimeahidi kuvuruga jaruba la mtu.

FUNDI: Iweke mezani kwanza. Umejuaje kuwa ni sili hiyo?

BINTI: Si oili inatokea hapo?

FUNDI: Oili inaonekana hapo. Inatokea wapi, bado hatujui. Ekseli ya mbele ya trekta hizi ina sili mbili zinazolaumiana kila siku. Moja iko pale shafti ya gurudumu inapotoka. Nyingine iko juu yake, pale kasha la gia linapozunguka ukikata usukani. Ya juu ikivuja, oili inateremka na kulowesha gurudumu, na watu wanabadilisha ya chini bila kosa lake. Hata bomba la haidroliki ya usukani linaweza kudondoshea hapohapo.

BINTI: Basi nitazitofautishaje?

FUNDI: Osha. Chukua brashi na dizeli, ondoa tope na mafuta yote, malizia kwa maji ya sabuni, kausha kwa kitambaa. Ukitumia mashine ya kuoshea, usiielekeze kwenye sili, maana maji ya presha yanapenya yenyewe. Pakishakauka, paka poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani. Endesha trekta nusu saa mahali pakavu, ukikata kona kulia na kushoto. Kisha izime na uitazame kwa tochi. Usihangaike na tone la chini. Tafuta sehemu ya juu kabisa ambapo poda imelowa. Hapo ndipo chanzo.

BINTI: Na oili yenyewe haisemi kitu?

FUNDI: Inasema sana. Ishike kwa vidole. Oili ya gia ni nzito na inanuka salfa, harufu kali isiyosahaulika. Ya injini iliyokwisha kutumika ni nyeusi na inanuka moshi. Ya haidroliki ni nyepesi, inapita vidoleni upesi. Lakini tafadhali, palipo na bomba la haidroliki lenye presha usitafute uvujaji kwa mkono mtupu. Tundu dogo kama la sindano linaweza kukuingiza oili chini ya ngozi, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Tumia kipande cha kadibodi. Yako ilikuwa na rangi gani?

BINTI: Nyeupe hivi, kama chai ya maziwa.

FUNDI: Ahaa. Umenipa habari kubwa kuliko sili uliyoleta. Weupe huo ni maji yaliyochanganyika na oili. Kwa hiyo sili yako haitoi tu, inaingiza pia. Hapo gia na beringi zako ziko hatarini kuliko oili inayopotea. Beringi ikizungukia maji inapata kutu na kulika haraka, na bei yake si ya sili.

BINTI: Lakini oili inasukumwa kutoka ndani. Maji yanaingiaje?

FUNDI: Kuna mrija mdogo juu ya ekseli, au kofia yenye tundu. Ekseli inapumua kupitia hapo. Ukifanya kazi, oili inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutafuta njia. Tundu likiwa limezibwa na tope, hewa inatokea kwenye midomo ya sili na kusukuma oili pamoja nayo. Halafu unaiingiza trekta ya moto kwenye maji baridi ya jaruba. Hewa iliyobaki inasinyaa, ndani kunakuwa na mvuto, na sili iliyolegea inanyonya maji ya tope. Ukifanya hivyo msimu mzima bila kuzibua mrija, hata sili mpya kabisa haitaishi. Ndiyo maana nimekuambia weka mezani.

BINTI: Kumbe sikuwahi hata kuuona huo mrija.

FUNDI: Utauona leo. Uvute, upulize kwa mdomo. Ukikataa hewa, pitisha waya laini, uoshe kwa petroli. Usipopitisha tena, nunua mpya. Na kiwango cha oili? Nani aliongeza mara ya mwisho?

BINTI: Dereva wangu. Aliona inapungua, akajaza mpaka juu.

FUNDI: Mpaka juu ni kosa lingine. Kuna boliti ya kiwango. Oili ikianza kuchuruzika hapo, basi. Ukizidisha, oili haina nafasi ya kutanuka. Nashukuru tu hakujaza grisi. Wapo wanaojaza grisi ili isivuje, na kweli haivuji, lakini meno ya gia yakishaisukuma pembeni hairudi kulainisha. Na zile dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji, zinachofanya ni kulainisha na kuvimbisha mpira. Shafti iliyochimbwa mfuo na mdomo wa sili zitaifanya nini? Sizitumii, na sikushauri.

BINTI: Nimeelewa. Sasa tukifika kwenye kuinua gurudumu?

FUNDI: Weka vigingi magurudumu ya nyuma, na handibreki juu. Ekseli ya mbele ya trekta inacheza katikati kama inavyotakiwa, kwa hiyo ukiinua upande mmoja, trekta inaweza kuyumba upande wa pili. Gonga kabari za mbao kati ya ekseli na fremu pande zote mbili. Jeki inainua tu. Kubeba ni kazi ya stendi ya chuma au gogo pana. Mawe na matofali yanapasuka bila kutoa taarifa. Likishaning'inia, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza kwa kugonga, beringi imechoka. Shafti inayoyumba inaufungua mdomo wa sili kila mzunguko. Hapo unanunua beringi na sili pamoja, au huanzi kazi.

BINTI: Na kama halichezi?

FUNDI: Tunamwaga oili kwenye chombo, tunatoa gurudumu. Kwa trekta nyingi za aina hii kifuniko cha nje kinatoka na shafti yake baada ya kufungua boliti zake. Gonga pembeni kwa nyundo ya plastiki, usichomeke bisibisi kwenye maungio. Lakini kabla ya kung'oa sili tazama nyuma ya habu. Mara nyingi nakuta nyuzi za nailoni za magunia, au mabua ya mpunga yamejisokota kwenye shafti mpaka yakawa pete ngumu. Pete hiyo inasaga mdomo wa nje wa sili, ule unaozuia vumbi, kisha mchanga unaingia kumalizia mdomo wa oili. Dereva wako akate nyuzi hizo kila jioni. Ni kazi ya kisu na dakika chache.

BINTI: Sili ya zamani ikishatoka, tunaitupa?

FUNDI: Usiitupe hata kidogo! Hiyo ndiyo ninayoisoma. Mpira ukiwa mgumu na una nyufa, umekufa kwa uzee au joto. Mpira wa kawaida wa sili hizi unavumilia joto la kama nyuzi 100 za Selsiasi, ukizidi hapo kwa muda mrefu unakauka. Mdomo ukiwa umelika upande mmoja tu, shafti haiko katikati: imepinda, au beringi imechoka, au sili iliingizwa ikiwa imelala. Ukiona mkato mmoja mdogo na pengine pote pazima, fundi aliyepita aliukata wakati wa kufunga. Springi ikiwa haipo, iliruka kwa kugongwa. Na mdomo ukiwa mzuri kabisa lakini nje ya chuma cha sili pamelowa, oili ilipita pembeni, kati ya sili na nyumba yake. Hapo nyumba ina mkwaruzo au sili haikuwa saizi. Kila moja ina dawa yake. Anayeitupa bila kuitazama atarudi kununua nyingine kama hiyo.

BINTI: Inang'olewaje bila kuharibu nyumba yake?

FUNDI: Toboa tundu dogo kwenye bati la sili, ingiza skurubu, vuta skurubu kwa plaizi. Chembe za chuma zisiingie ndani, paka grisi kwenye biti izinase. Kisha futa shafti na upitishe ukucha wako kwa kuuvuta kufuata urefu wake. Ukucha ukikwama, kuna mfuo ulioachwa na mdomo wa zamani. Mpira laini unakata chuma, kwa sababu mchanga umejibanza chini yake miaka na miaka.

BINTI: Na nikikuta mfuo, shafti imekwisha?

FUNDI: Si lazima. Ukiwa mdogo, nasafisha kwa msasa laini, namba 400, nikiuzungushia shafti kama mkufu. Usisugue kwa kwenda na kurudi kwa urefu, mikwaruzo hiyo inageuka mifereji ya oili. Ukiwa wa wastani na nyumba ina nafasi, naweza kuikalisha sili mpya milimita moja au mbili nje ya pale pa zamani, mdomo ukute chuma kizima. Kuna pia bushi nyembamba za kuvalisha shafti. Zile za SKF ni nyembamba kiasi cha 0.28 mm, hivyo sili inabaki saizi ileile. Ukiwa mkubwa, tunapeleka kwa fundi kerezo au tunatafuta shafti.

BINTI: Sasa niambie kuhusu hii niliyonunua. Muuzaji aliipima, ikalingana.

FUNDI: Soma namba zake. Ya kwanza ni kipenyo cha shafti, ya pili ni kipenyo cha nyumba, ya tatu ni upana, zote kwa milimita. Ikiandikwa 35 52 8, ujue shafti ni 35. Sili yako saizi ni sawa, sina ugomvi. Igeuze sasa. Unaona midomo mingapi?

BINTI: Mmoja wenye springi, na mwingine mdogo wa nje.

FUNDI: Hiyo ni sili ya mashine ya pakavu. Zinazotengenezwa kwa ajili ya tope zina midomo kadhaa ya nje iliyopangana, ili tope likipita wa kwanza likutane na wa pili. Ukifunga hii utavuna mpunga wa msimu huu, na pengine usifike mwisho. Rudi nayo kabla hujaichafua, uombe ya jarubani, kwa namba ya spea iliyo kwenye kitabu cha trekta. Saizi peke yake haitoshi.

BINTI: Nikiipata, naifungaje?

FUNDI: Springi itazame oili. Jaza grisi kati ya midomo, na upake mdomo wenyewe. Sili ikianza kuzunguka kavu inaungua dakika za kwanza. Penye meno ya shafti au njia ya ufunguo, zungushia selotepu laini, sili ipite juu yake, kisha uitoe. Isukume kwa bomba au soketi inayogusa ukingo wa nje, kidogokidogo kuzunguka, iingie wima. Ukiipiga katikati umeipinda. Ikishakaa sawasawa na ukingo wa nyumba, acha. Safisha maungio ya kifuniko, weka gasketi au oringi mpya, kaza boliti kwa kupishana na kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni.

BINTI: Na oili ile nyeupe?

FUNDI: Yote itoke. Weka oili kidogo safi, zungusha magurudumu, imwage. Rudia mpaka isiwe na weupe. Ndipo ujaze ile inayotajwa na kitabu, mara nyingi ni oili ya gia 80W-90. Inatembea polepole ndani ya ekseli. Jaza, subiri, kagua, ongeza. Oili chafu irudi kwenye galoni. Mfereji wetu unapita kwa wenzako wa chini.

BINTI: Baba, kuna jambo jingine. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu linalodondosha.

FUNDI: Tundu hilo limewekwa makusudi ili lidondoshe. Linakuambia kuna sili ndani inayovuja: ya nyuma ya injini, au ya shafti ya gia. Weka karatasi nyeupe chini yake usiku. Ikiwa nyeusi, ni ya injini, na kabla ya kugawa trekta nakagua mrija wa kupumulia wa injini, maana ukiziba unasukuma oili vilevile. Ikiwa safi na ina harufu ya gia, ni ya upande wa pili. Klachi inateleza?

BINTI: Bado.

FUNDI: Basi hiyo isubiri msimu uishe, kwa sababu trekta inagawanywa katikati na ni kazi ya siku kadhaa. Ila kagua oili ya injini na ya gia kila asubuhi, na klachi ikianza kuteleza usimalizie jaruba. Ya gurudumu haisubiri.

BINTI: Na jaruba la kesho?

FUNDI: Mpigie mwenyewe umwambie keshokutwa. Kisha nenda dukani sasa hivi na hiyo sili, kabla hawajafunga. Mimi naanza kuosha.